Meza Isiyo Tambarare: Kuisoma Sura ya Kericho

Wanaoandika juu ya safari zao za Kericho hulikimbilia zulia mapema mno. Gari linapoukaribia mji kwa barabara itokayo Nakuru, chai ikiwa imekwisha kushika kingo zote mbili hapo Brooke, kalamu hutamka kwamba vilima vimetandikwa zulia la kijani, kisha hujiendea zake kwenye baridi, hoteli na kikombe. Ukuukuu wa tashbihi hiyo haunisumbui, kwa kuwa tashbihi kuukuu huweza kuwa ya kweli. Kinachonisumbua ni kwamba ni usomaji wa haraka wa matini inayodai subira. Zulia huificha sakafu. Rangi yake iliamuliwa siku lilipofumwa, na tangu hapo haina la kufanya ila kufifia. Sura ya nchi ya Kericho huifichua ardhi iliyo chini yake, na juu ya uso wake huandika, kwa rangi, hesabu ya siku zinazopita. Na ufundi wake mkuu umo katika jambo ambalo jicho la msafiri hulidhania kuwa ukosefu wa ufundi, yaani usawa wake.

Tuanze na kinachozuiwa. Mmea tunaouona hapa ni mti. Chai ya jamii ya Assam, ambayo ndiyo chimbuko la sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki, ikiachwa bila kukatwa hurefuka kupita mita kumi, ikawa na shina, matawi na maua meupe yenye kiini cha manjano. Huu unaomfikia mchumaji kiunoni ni mti uliokatwa ncha ya kati ungali mchanga ili utoe matawi ya pembeni, ukafundishwa kutanuka badala ya kupanda, na tangu hapo ukanyimwa kila baada ya siku chache vile vichipukizi vilivyotaka kuendelea. Uso unaopatikana kwa njia hii ndio unaoitwa meza ya kuchumia. Ningependa kuliita umbo la namna hii umbo-zuio: umbo lisilojengwa kwa kuongeza kitu juu ya kitu bali kwa kukataza kitu kisitokee, na linalodumu kwa muda ule tu ambao katazo linarudiwa. Msomaji aliyelelewa na ushairi wa kimapokeo atasema papo hapo kwamba hii ni mizani, na atakuwa amekaribia. Lakini mizani huufunga mshororo, na mshororo uliokwisha kufungwa hutulia ukurasani. Meza ya chai haifungwi kamwe. Ikikosa mkono kwa miezi michache huanza kubomoka kwa kwenda juu, tawi baada ya tawi, na kubomoka huko ni uzima wa mmea wenyewe. Ni matini chache zinazoweza kuharibika kwa kustawi.

Ukiinama hadi macho yako yalingane na meza hiyo, utaona kwamba haiko tambarare hata kidogo. Upogoaji uliofanywa vizuri hufuata mwinamo wa ardhi, na vivyo hivyo uchumaji wa kwanza baada ya kupogoa, ule unaoiweka meza kwenye kimo chake. Mchumaji wa mkono hulaza ufito juu ya vichaka. Chipukizi kinachochomoza juu ya ufito ni halali yake, kilicho chini kinasubiri. Na ufito wenyewe huinama pamoja na kilima. Kwa hiyo kila mbonyeo wa ardhi, kila nundu na kila njia ya maji hunakiliwa juu, kwenye kimo cha kiuno. Msitu wa Mau ulio jirani hauna uaminifu huu, kwani miti mirefu ya bondeni na mifupi ya kileleni huweza kufuta nusu ya tofauti iliyopo baina ya bonde na kilele. Hata ardhi tupu haituonyeshi umbo lake vizuri kiasi hiki, kwa sababu hutuchanganya na mawe, magugu na makorongo madogo yanayogombania jicho. Chai hunakili na papo hapo huchuja: huyaacha yaliyo madogo na kuihifadhi mikunjo mikubwa. Ndiyo maana vilima vya Kericho huonekana kana kwamba vimechorwa. Usawa wa meza ni usawa wa masafa baina ya uso na udongo, nao ndio unaoziweka wazi tofauti za udongo huo.

Kuna jambo jingine linalotendwa na mistari ya upandaji. Kipimo kilichozoeleka ni futi 4 baina ya mstari na mstari, na futi 2 na nusu baina ya mche na mche ndani ya mstari, jambo linaloingiza takriban miche 10,800 katika hekta moja. Vichaka vikikomaa, mianya ya ndani ya mstari hufungika kabisa, ila njia nyembamba ya mchumaji hubaki. Shamba hilohilo basi lina nyuso mbili. Likitazamwa kwa kukatiza mistari ni uso mzima usio na mshono. Likitazamwa kwa kufuata mistari hufunguka ghafla, likaonyesha vichochoro vyake vyeusi, mashina yenye mafundo na kivuli kizito kilichokuwa chini muda wote. Abiria aliye ndani ya matatu huyaona yote mawili kwa zamu, kufungika na kufunguka, kadiri barabara inavyopinda. Sijui kama yupo aliyeikusudia athari hii. Wapimaji wa ardhi walikuwa na mambo mengine ya kuwaza. Lakini kutokusudiwa hakuipunguzii athari nguvu yake, na mhakiki hana wajibu wa kuomba ruhusa ya mpimaji.

Rangi ndipo matini inaponoga. Meza ina kijani cha aina mbili: kile kizito cha majani ya kudumu, yanayoachwa yaulishe mmea, na kile chepesi, chenye kuelekea manjano, cha machipukizi yanayosubiri mkono. Kipande kilichochumwa jana ni cheusi-kijani, kwa kuwa safu ya juu imeondolewa. Kitakachochumwa kesho kinang'aa. Mzunguko wa mchumo huchukua kati ya siku 7 na 14 hivi, kutegemea msimu, na kwa kuwa shamba kubwa haliwezi kuchumwa lote kwa siku moja, mlima mmoja hubeba kwa wakati mmoja siku zote za mzunguko huo, zimepangwa kando kwa kando. Mtazamaji mwenye subira anaweza kusimama mahali pamoja akasema: pale walipita jana, pale wiki iliyopita, na pale kesho hapana budi. Katika sanaa za kuonekana ni nadra kukuta muda ukiandikwa kwa uwazi namna hii bila tarakimu wala alama. Mchoraji aliyetaka kuonyesha wiki mbili katika fremu moja angelazimika kubuni fumbo. Hapa fumbo limekwisha kubuniwa na ratiba ya kazi. Kwa hiyo yule anayeona kijani kimoja tu amekosa kusoma karibu kila kilichoandikwa.

Chini ya tofauti hii ya siku iko tofauti ya vizazi. Mashamba ya zamani yalipandwa kwa mbegu, na mbegu ya chai haizai pacha wa mama yake: kichaka kimoja kina majani mapana yenye kijani kilichopauka, jirani yake ana majani membamba na meusi zaidi, wa tatu huchipua mapema kuliko wote wawili. Mashamba ya baadaye yalipandwa vipandikizi, yaani kloni, zilizochaguliwa na watafiti wa kituo cha Timbilil nje ya mji wa Kericho, ambako utafiti wa chai uliwekewa msingi wake mwaka 1951. Kloni ya 6/8 ndiyo iliyoenea kwa wingi. Hapo kila kichaka ni nakala ya mwenzake, na uso wa meza hutulia katika rangi moja. Tofauti ya mashamba haya mawili ni ile ya mwandiko wa mkono na chapa ya mtambo. Chapa husomeka kwa urahisi, na kiwanda huipenda kwa sababu machipukizi yake hukomaa pamoja. Ladha yangu iko kwenye mwandiko: shamba la mbegu, likitazamwa kwa karibu wakati jua la asubuhi lingali chini, lina mtetemo wa rangi ambao kloni haziwezi kuutoa.

Kisha ghafla, katikati ya kijani hicho, kipo kipande cha hudhurungi chenye vijiti vitupu, ambacho mgeni hukidhania kuwa kimekufa. Ni kipande kilichopogolewa. Hufanywa hivyo kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, meza inapokuwa imepanda mno na mkono wa mchumaji umeanza kuchoka. Na desturi ni kukata sentimita chache juu ya kata iliyotangulia, hadi siku itakapolazimu kushuka tena chini kabisa. Kwa hiyo mifupa ya kichaka ina mafundo ya kata zake, moja juu ya nyingine, na anayejua kuhesabu anaweza kuukadiria umri wa meza. Ninachokithamini hapa ni mahali pa kipande hicho katika mpangilio mzima. Upogoaji hupigwa zamu, ukahamahama kutoka kipande hadi kipande, hivyo uso haukosi jeraha mahali fulani. Mtungaji mwenye kupenda ulinganifu angelificha mbali na barabara. Menejimenti ya shamba haina muda huo, na matini imefaidika. Kile kipande kitupu ndicho kinachotuambia kwamba kijani kilichobaki ni kitu kinachotendwa, wala hakikupatikana tu.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache, kwani kila mtu ameyasema. Mji uko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake hutokana kwa sehemu kubwa na Ziwa Viktoria: upepo wenye unyevu kutoka ziwani hukutana mchana na pepo za mashariki juu ya nyanda hizi, mawingu yakapanda, na alasiri radi ikaanza. Mvua ya mawe hupiga hapa mara nyingi kiasi cha Kericho na Nandi kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Meza iliyopigwa huonekana imechanika, kila jani lina tundu. Lililo muhimu kwa usomaji wetu ni kwamba mvua hii haina likizo ndefu. Huko Mufindi, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mvua hukatika mnamo Mei na kurejea karibu na Novemba, na meza isiyomwagiliwa hunyamaza katikati. Shamba la Mufindi lina sura za mwaka, lina mwanzo na upeo. Kericho haina upeo. Kasi hupungua miezi ya baridi na ya ukavu, lakini mkono haupumziki, na kwa hiyo mzunguko wa siku chache ndio kipimo kikuu cha muda badala ya msimu. Yafaa kwenda Kericho na Mufindi kwa matarajio tofauti: Mufindi husimulia, Kericho hurudia.

Nani aliyepangiwa kuitazama sura hii, na kutoka wapi? Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, ina jibu lake: bustani pana, nyasi zilizokatwa, na mwisho wa nyasi chai inaanza. Nyasi na chai ni maumbo-zuio yote mawili, na mpito kutoka moja hadi jingine ni laini kiasi kwamba mgeni aliyeketi kwenye kiti huliona shamba kuwa mwendelezo wa bustani, na kazi kuwa mwendelezo wa mapumziko. Ni hila ya kutunga fremu, na imetungwa vizuri. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015 na kusanifiwa na ofisi ya John McAslan, linajibu kwa namna nyingine. Paa lake la vigae vya udongo ni mteremko mmoja mrefu unaoinuka pamoja na kilima, likibebwa ndani na viunzi kumi vya zege, kila kimoja kikizidi kimo cha kile kilichotangulia. Msanifu ameisoma chai sawasawa: amechukua kanuni yake ya kufuata mwinamo, lakini ameipindua, kwa kuuacha mstari uendelee kupanda pale ambapo meza ingeukata.

Kila matini ina yaliyofutwa. Kabla ya chai ukurasa huu ulikuwa na maandishi mengine, na mwaka 1919 ulianza kuandikwa upya: ekari zipatazo 25,000 zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa na Vita Kuu ya Kwanza, ili walime kitani. Mradi ulianguka mapema miaka ya 1920 pamoja na bei ya kitani, na kuanzia 1924 ardhi hiyo iliingia mikononi mwa Brooke Bond na James Finlay. Waliokuwa wakiishi humo ni Wakipsigis. Na mwaka 1934 ukoo wa Talai, uliokuwa na mamlaka ya kiroho juu yao, ulihamishwa kwa sheria hadi Gwassi, kwenye joto la kando ya ziwa. Hakuna kati ya haya kinachoonekana juu ya meza, na hapa umbo-zuio linahusika moja kwa moja. Shamba lililotelekezwa hubakiza kuta na miti ya matunda ya waliotoka. Uso unaosawazishwa kila wiki haubakizi kitu. Usafi wake, ule ambao wasafiri huusifu, ni usafi wa ubao uliofutwa vizuri, na msomaji hana budi kuushika ujuzi huu sambamba na raha ya macho bila kuruhusu kimoja kikimeze kingine. Hata nyumba za wafanyakazi zinafuata sarufi hiyo: zimepangwa kwa safu, kuta nyeupe, kila kambi ikiwa kisiwa cha vipimo katikati ya vipimo.

Ukitaka kuona matini ikilegezwa, endelea kusini kuelekea Litein na Kapkatet. Hapa ni kwa wakulima wadogo, wale ambao shirika la KTDA, lililoundwa mwaka 1964, liliwakusanya katika viwanda vyao, na ambao leo kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya chai ya Kenya. Kanuni ni zilezile: ufito, kuchuma majani mawili na chipukizi, kupogoa. Lakini meza ya mkulima mdogo hukutana na mambo. Inaishia kwenye mahindi, inazunguka kaburi la babu, inaacha nafasi ya ng'ombe kupita, inapanda hadi karibu na ukuta wa jiko; mgrevilea uliopandwa kwa kuni unasimama katikati yake bila kuomba radhi. Kila familia ina siku zake, kwa hiyo rangi zile tulizozisoma hapo juu hukatwakatwa katika viraka vidogo visivyolingana, na mlima mmoja hubeba ratiba za nyumba hamsini. Siku hizi kiraka kimoja kimoja huonyesha zambarau, ile kloni ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, na jicho lililozoea kusoma kijani kwa siku hujikuta limekwama, kwani zambarau haimaanishi kesho wala jana. Nakiri upendeleo: kati ya Brooke na Litein, ningechagua Litein. Shamba kubwa lina ukamilifu wa kanuni, ila kanuni huonyesha uwezo wake pale inapokabiliwa na kizuizi, na mkulima mdogo ana vizuizi kila hatua kumi.

Pembezoni mwa msitu kanuni hiyohiyo imefanywa mpaka. Tangu 1986, kupitia mpango wa Nyayo Tea Zones, serikali imepanda mikanda ya chai kuuzunguka msitu wa Mau na misitu mingine, ili makazi yasisogee ndani. Ni matumizi ya ajabu ya umbo: ule uso wa chini, ulio wazi, ambao mtu akiuvuka anaonekana tangu kiunoni kwenda juu, ndio unaotenganisha msitu usioonyesha kitu na mashamba ya watu.

Kiwandani uhakiki wa umbo la jani hukatika. Majani hunyaushwa, kisha huingizwa katika mashine za CTC, ambazo huyaponda, kuyachana na kuyaviringisha kwa pamoja, yakatoka punje ndogo zisizokumbuka kwamba zilikuwa majani mawili na chipukizi. Kilo nne au tano za majani mabichi huzaa kilo moja ya punje hizo. Uangalifu wote wa vidole, ule wa kuchagua jani la pili na kuacha la tatu, huhamia kwenye rangi na ukali wa maji ya kikombe, na huko wahakiki ni waonjaji wa mnada wa Mombasa, ambao hawahitaji msaada wangu.

Limebaki suala la mashine ya kuchumia, ambalo linabadilisha matini wakati tunaisoma. Mashine ya kubebwa na watu wawili, yenye wembe mbele na mfuko nyuma, hufanya kwa saa chache kazi ya wachumaji wengi. Na mnamo Mei 2023 waandamanaji wa Kericho walichoma moto baadhi ya mashine hizo. Sitaki kuugeuza ugomvi wa riziki kuwa ugomvi wa mitindo. Hata hivyo tofauti ipo, na inaonekana kwa macho. Wembe hukata kwa kimo ulichowekewa, wala hauulizi kama kilicho mbele yake ni chipukizi au jani lililokuwa liachwe liulishe mmea, na siku ya pili meza huwa na nusu-majani yenye ukingo wa kahawia palipopita chuma. Uso wenyewe hunyooka kuliko ulivyowahi kunyooshwa na ufito. Kwa kuwa eneo kubwa humalizwa kwa siku moja, vipande vya rangi huwa vipana na vichache: mlima uliokuwa ukibeba siku kumi sasa hubeba tatu au nne. Anayekwenda kusoma, na asimame mahali ambapo kipande cha mashine kimepakana na cha mkono, asubuhi kabla ya mawingu, alinganishe kingo za majani kwanza na rangi baadaye. Kipande cha mashine kitamvutia kwa unyoofu wake. Cha mkono kitamchukua muda mrefu zaidi.